Jinsi ya kupata riwaya ya mapenzi ya Rijensi itakayokunogea kweli, mwongozo kamili

Nianze na aibu yangu. Kitabu cha kwanza cha Rijensi, yaani mapenzi ya Uingereza ya enzi za Napoleon, nilichonunua kwa hela yangu mwenyewe nilikiokota kwenye vitabu vya mtumba vilivyotandazwa chini juu ya turubai, jalada lina dada gauni linamponyoka begani, kaka kifua wazi, nyuma yao kasri na farasi, nikasema hiki ndo chenyewe. Nikakisoma siku tatu, wali umeungua mara mbili, halafu nafika mwishoni bwana kapiga goti, anafungua mdomo aseme... jalada la nyuma. Kurasa za mwisho zimechanwa. Yaani hadi leo sijui alisemaje. Kwamba alikubaliwa najua, hawa wote wanakubaliwaga, ndo mkataba wa vitabu hivi, ukishaona tu ni riwaya ya mapenzi ujue mwisho wataoana. Ila alisemaje? Hapo ndo penye utamu wenyewe, na hapo nilipodhulumiwa.

Na hicho kisa kilinifundisha kitu ambacho mwongozo huu wote umekaa juu yake. Kama mwisho tunaujua wote, basi kitabu hukichagui kwa mwisho wala kwa jalada wala kwa cheo cha bwana. Unakichagua kwa maneno yanayopita kati ya hao wawili. Twende taratibu.

Kwanza ujue Rijensi ni lini

Mfalme George wa Tatu wa Uingereza aliugua akili, ikabidi mwanawe ashike nchi kwa niaba yake, akaapishwa Februari 1811 na akakaa hivyo mpaka baba yake alipofariki Januari 1820. Hiyo ndo Rijensi, miaka tisa tu! Huyo mtoto mwenyewe sifa yake kubwa ilikuwa kula, kuvaa na kukopa, wachora vikatuni wa London walimchora mpaka basi. Lakini waandishi na wachapishaji wanaivuta hiyo miaka kama bigijii, utakuta kisa cha 1798 kimeandikwa Regency kwenye jalada na cha 1828 pia kimeandikwa hivyo hivyo, na mi sina ugomvi navyo, ila ujue ili usije ukachanganyikiwa.

Kipimo changu cha haraka ni treni. Reli ya abiria ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa 1830, na Victoria alikuwa malkia 1837, kwa hiyo ukiona watu wanakimbilia stesheni au wanamtaja Malkia Victoria, umeshatoka Rijensi uko kwingine. Mfano ule mfululizo wa Wallflowers wa Lisa Kleypas ambao kila mtu anakupa ukiomba cha Rijensi, visa vyake ni vya miaka ya 1840, wahusika washaingia dunia ya viwanda na reli. Vitamu sana, visome, ila ladha yake ni nyingine.

Mbona nashikilia miaka? Kwa sababu ladha ya Rijensi inatokana na mambo ya pale pale. Vita na Napoleon vimekula vijana mpaka Waterloo tarehe 18 Juni 1815, kwa hiyo kila kitabu kina mwanajeshi amerudi na kovu. Mashamba makubwa bado ndo utajiri. Na London kuna msimu, yaani miezi ambayo wakubwa wanahamia mjini, bunge linakaa, na wasichana wanatolewa. Nimesema wanatolewa makusudi. Sisi tuliokulia Tanga tunajua mwali kutolewa nje ni nini, na hawa nao hivyo hivyo, binti anafika miaka 17 au 18, anavalishwa gauni jeupe, anapelekwa ikulu akainame mbele ya malkia, halafu kila usiku dansi huku mama amekaa pembeni anahesabu nani kaja kumwomba mwanae acheze naye. Kungwi, mshenga, shangazi mwenye ulimi, wote wapo mle, majina tu ndo tofauti.

Pili, na hii ndo kubwa: sikiliza wanavyoongea

Enzi zile msichana ambaye hajaolewa haachwi peke yake na mwanaume. Kumwandikia barua mwanaume asiye mchumba wake ni skendo. Kucheza naye zaidi ya dansi mbili usiku mmoja mji mzima unajua kuna jambo. Sasa watu hawawezi kushikana, hawawezi kukaa wawili, hawawezi kuchati, mapenzi yatapita wapi? Yanapita kwenye maneno, tena mbele za watu, tena kwa adabu, unamwambia mtu kitu kinachomchoma moyo huku aliyekaa pembeni yenu anadhani mnaongelea mvua.

Na hapo msomaji wa Kiswahili tuna mtaji ambao wenzetu hawana. Umekua unaona bibi anavaa kanga kwenda kwa jirani na jirani akisoma tu maneno ya kanga anajua kasemwa. Umesikia taarabu ikipigwa harusini na mtu anaenda kutunza akimwangalia mwenzie. Mafumbo na vijembe ndo lugha tuliyonyonya. (Na ukitaka kujua, Jane Austen kazaliwa 1775, na Muyaka bin Haji wa Mombasa naye ni wa miaka hiyo hiyo, inakadiriwa kama 1776. Yaani mmoja yuko kijijini Hampshire anawasuta watu kwa riwaya bila hata jina lake kuandikwa kwenye jalada, mwingine yuko Mombasa anawarushia watu wa Lamu mashairi. Mi huwa nafikiri wangekutana wangeelewana haraka sana.)

Sasa jinsi ya kupima kabla hujalipa. Usisome ukurasa wa kwanza peke yake, ukurasa wa kwanza kila mwandishi kaupiga pasi. Fungua katikati, kama ni sampo ya kwenye simu nenda mwishoni mwa sampo, tafuta mahali hao wawili wanaongea. Halafu ziba majina kwa kidole. Je, unajua nani kasema nini? Kama maneno ya binti ungeweza kumpa bwana na hakuna kinachoharibika, rudisha kitabu, hao hawaongei, mwandishi ndo anaongea. Kama umecheka, au umesema "heee" peke yako kwenye daladala, chukua.

Halafu jiulize swali la pili: kwa nini hawa hawaoani kesho asubuhi? Jibu likiwa ni kwamba hawajaulizana tu, au binti kamkuta bwana na dada yake akadhani ni mchumba, basi kurasa 350 zitakuchosha. Jibu zuri la Rijensi liko kwenye hela, sheria, cheo au jeraha. Na sheria zenyewe zilikuwa ngumu kweli. Kwa sheria ya ndoa ya 1753, asiyefika miaka 21 akitaka kuoa au kuolewa kwa leseni England lazima baba akubali, ndo maana wanatoroka kwenda Gretna Green, kijiji cha mpakani upande wa Scotland ambako sheria ile haikufika. Kutoka London ni kama kilomita 500, kwa gari la farasi ni siku kadhaa barabarani, kwa hiyo ukisoma wametoroka asubuhi jioni wameoana ujue mwandishi hakufungua ramani. Mwanamke akiolewa mali yake inakuwa ya mume, hiyo haikubadilika mpaka sheria za 1870 na 1882. Na shamba linaweza kufungwa lisirithiwe na binti hata kama baba ana mabinti watano, linaenda kwa binamu wa kiume huko asiyejulikana.

Ndo maana watu wanaosema Pride and Prejudice ya Austen ni kitabu cha mama mmoja mpiga kelele anayetaka kuozesha huwa nawashangaa. Piga hesabu. Elizabeth, mmoja wa mabinti wa huyo mama, fungu lake ni pauni 1,000 kwa riba ya asilimia nne, yaani pauni 40 kwa mwaka, na hizo nazo mpaka mama yake afe. Nyumba inakwenda kwa binamu Collins. Darcy, bwana anayemposa, anaingiza pauni 10,000 kwa mwaka. Binti anamkataa huyo bwana kwenye sebule ya watu. Ukishajua hizo namba lile neno hapana linakuwa zito ajabu, na yule mama anaacha kuwa kichekesho, anakuwa mtu anayeona mvua inakuja na paa halina bati.

Tatu, amua mlango uwe wazi kiasi gani

Tuongee kikubwa. Riwaya hizi ziko za kila namna na jalada halikwambii ukweli. Kuna zile wanabusiana ukurasa wa mwisho basi, kuna zile wanaingia chumbani mlango unafungwa unaamkia kwenye kifungua kinywa, na kuna zile mlango uko wazi, taa inawaka, na maelezo kurasa nane. Hakuna dhambi kupenda yoyote, ila usimpe mama mkwe wako ile ya tatu ukidhani ni ile ya kwanza, mwenzenu yamenikuta, sisemi zaidi.

Kwa kutafuta mtandaoni, andika "closed door" au "clean Regency" kama unataka zilizotulia. Maneno "traditional Regency" yatakuletea vile vitabu vifupi vya zamani, kurasa mia mbili na kitu, vilivyotoka kwa wingi kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa 2000, vingi vimetulia na majibizano yake makali. Ukitaka moto andika "steamy". Kwa majina, Georgette Heyer ametulia kabisa, Julianne Donaldson na kile chake Edenbrooke cha 2012 kimetulia, Julie Klassen anaandika kwa mtazamo wa Kikristo. Julia Quinn, Lisa Kleypas, Tessa Dare, Sarah MacLean, Loretta Chase, hao milango iko wazi. Mary Balogh nae iko wazi ila kwake kila kitu kinapita kwa upole mwingi, hata chumbani wanaongea.

Nne, anzia kulingana na ulikotokea

Hapa watu wengi wanakosea, wanaomba kitabu kizuri kuliko vyote, wanapewa, kinawashinda, wanasema Rijensi sio zao. Inategemea umeingilia mlango gani.

Kama umetokea kwenye Bridgerton ya Netflix, ile iliyoanza Krismasi ya 2020, vitabu vyake ni vinane vya Julia Quinn, kila mtoto na chake, kuanzia The Duke and I wa mwaka 2000 mpaka On the Way to the Wedding wa 2006. Mi nakushauri anza na cha pili, The Viscount Who Loved Me. Ni cha Anthony na Kate, kuna mchezo wa mipira na nyundo za mbao uwanjani ambapo familia nzima inaharibiana makusudi, nilicheka mpaka mtoto akaja kuniuliza kuna nini. Ujue tu vitabu na tamthilia ni vitu viwili, kwenye vitabu familia ya Kate inaitwa Sheffield sio Sharma na watu wote ni Wazungu, ile dunia yenye watu wa rangi zote ni ya kwenye skrini. Na hicho cha kwanza kina tukio moja chumbani, mke anamfanyia mume kitu huku mume amelewa na hajaridhia, wasomaji wengi limewatibua, mi mmoja wao. Ukitaka kukisoma kisome ukijua.

Ukitokea kwenye Austen, yaani ulisoma shuleni au umeona filamu, ukamaliza vile sita na bado una kiu, nenda kwa Georgette Heyer. Huyu mama (1902 hadi 1974) ndo aliyeijenga Rijensi hii tunayoijua, Regency Buck yake ilitoka 1935 na karibu kila kitu ulichozoea, duki (mwenye cheo cha juu kabisa) mwenye dharau, kijana mcheza kamari, shangazi anayezimia, kimepita mkononi kwake. Na alikuwa anachunguza kweli, magari, vitambaa, misemo ya wahuni wa London. Hilo ndo jema lake na ndo ugumu wake, kurasa 30 za kwanza utahisi unasoma lugha nyingine, mtu "foxed" kumbe kalewa, mtu "rolled up" kumbe kafilisika. Usikimbilie kamusi kila neno, isikilize kama unavyosikiliza Kiswahili cha Lamu ukiwa umetoka bara, baada ya muda sikio linafunguka lenyewe. Anza na Cotillion ya 1953. Kitty anaambiwa na mlezi wake bahili kwamba atarithi akiolewa na mmoja wa wajukuu wa ndugu zake, anamwomba Freddy, yule anayeonekana hana akili zaidi ya nguo, waigize uchumba. Freddy ndo mwanaume ninayempenda kuliko maduki wote, hana kifua, hana kovu, anajua tu nani avae nini na afanye nini mambo yakiharibika, na niamini hicho ndo kitu cha maana kwenye ndoa. Baada ya hapo Frederica ya 1965, kuna wadogo watundu, puto la hewa na mbwa.

Ukitokea kwenye Mills & Boon za kubadilishana shuleni chini ya dawati, wana laini yao ya kihistoria, tafuta zilizoandikwa Historical. Carla Kelly ameandika humo pia, na huyo nampendekeza kwa mtu aliyechoka na wakubwa, watu wake ni madaktari wa meli, wajane wanaohesabu makaa, maofisa wasio na kitu. Mtumbani utakutana pia na Barbara Cartland, aliandika zaidi ya 700, wasichana wake wanaongea kwa... vituo... namna... hii. Kimoja kinatosha kwa maisha yote, samahani mashabiki.

Ukitaka kucheka: Tessa Dare. A Week to Be Wicked ya 2012, msichana mtafiti wa mawe anamlazimisha mhuni mmoja wa kitajiri ampeleke Edinburgh kwenye mkutano wa wataalamu wa miamba, njia nzima uongo juu ya uongo. Usitafute usahihi wa historia kwake. Ukitaka kulia: Mary Balogh, ule mfululizo wa Survivors' Club ulioanza na The Proposal mwaka 2012, watu saba waliovunjwa na vita, sita wanaume na mmoja mwanamke, kila mmoja na kidonda chake, mwingine kipofu, mwingine miguu, mwingine hakina jina. Ukitaka vita vya mdomo vyenyewe vile vya kushindana: Loretta Chase, Lord of Scoundrels ya 1995, kisa ni cha 1828 kwa hiyo Rijensi ya kuvutwa, ila Jessica anampiga risasi bwana kwa kumharibia jina, na alistahili. Watu wanakitaja hicho kila mahali na kwa mara moja watu wako sahihi.

Na kuna swali ambalo wasomaji wengi wa kwetu wanaliuliza kimyakimya: watu weusi walikuwa wapi? Walikuwepo. London ya wakati ule ilikuwa nao maelfu, mabaharia, watumishi, wanamuziki, wanamasumbwi. Bill Richmond, mzaliwa wa Staten Island Marekani, alipigana ngumi London na akawa anawafundisha mabwana wakubwa. Austen mwenyewe kwenye Sanditon, aliyoiacha haijaisha alipofariki 1817, aliweka binti tajiri chotara kutoka West Indies. Na hela za baadhi ya maduki hawa wa kubuni, ukiuliza zimetoka wapi, ni mashamba ya miwa ya watumwa. Biashara ya watumwa Uingereza iliipiga marufuku 1807 lakini utumwa wenyewe kwenye makoloni yake sheria ya kuufuta ilikuja 1833. Vitabu vingi vinaliruka hilo kama dimbwi. Anayeliingia ni Vanessa Riley, anza na A Duke, the Lady, and a Baby ya 2020, binti ni mrithi kutoka Demerara (Guyana ya leo), kanyang'anywa mtoto na mali, anarudi kwa mlango wa nyuma kama yaya.

Maana na Heyer nae ana madoa yake. The Grand Sophy ya 1950 inapendwa sana, na ni kweli Sophy ni moto, ila ina sura ya mkopeshaji Myahudi iliyoandikwa kwa chuki ya wazi, na kilichoniudhi ni kwamba imetoka miaka mitano baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Mi niliisoma nikairuka hiyo sura mara ya pili. We utaamua.

Tano, uvipate wapi bila kufilisika

Austen wote ni bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, halali kabisa, hakimiliki ilishaisha. Standard Ebooks wana hao hao waliopangwa vizuri zaidi kwa kusomea simu. LibriVox wanakusomea kwa sauti bure, wasomaji ni watu wa kujitolea kwa hiyo wengine wazuri wengine kama mwalimu wa zamu, sikiliza dakika tano kwanza. Heyer kwa Gutenberg yupo na The Black Moth, kitabu chake cha kwanza cha 1921, alikitunga kumliwaza kaka yake mgonjwa akiwa bado binti mdogo, ila kisa chake ni cha katikati ya karne ya 18, bado sio Rijensi.

Vya kisasa vya kununua, programu ya Kindle inakupa sampo bure, na sampo inatosha kabisa kwa kile kipimo cha kidole. Kulipia unaweza kutumia kadi ya mtandaoni unayotengeneza kwenye M-Pesa. Vitabu vya zamani vya waandishi wakubwa hushushwa bei sana mara kwa mara, hasa cha kwanza kwenye mfululizo, kwa hiyo usiwe na haraka, weka kwenye orodha usubiri. Kitabu kisicho na picha faili lake ni dogo, bando haliliwi. Kama uko Marekani, Uingereza au Canada, chukua kadi ya maktaba ya mji wako uiunganishe na Libby, programu ya kuazima vitabu vya maktaba kwa simu, unaazima bure mpaka vya kusikiliza, na mkiwa na kadi halafu mnanunua ni kupenda tu kuteseka. Open Library nao wanaazimisha kwa saa, foleni ipo.

Mtumba sasa. Nenda asubuhi, chuchumaa, usionyeshe shida na kitabu. Fungua MWISHO kwanza. Hesabu kurasa kumi za mwisho kwa kidole, angalia namba zinafuatana. Halafu angalia katikati pale gundi inapoachia. Halafu ndo uangalie kama ni cha ngapi kwenye mfululizo, maana mtumbani utapata cha tatu, cha sita na cha saba. Kwa vingi vya Rijensi haina shida, kila kitabu kina wapenzi wake na kinaisha, wale wa vitabu vingine wanapita tu wakiwa na ujauzito na furaha. Ila Bridgerton usisome cha nne, Romancing Mister Bridgerton, kabla ya vile vya nyuma, kuna siri ya mwandishi wa umbea inafichuliwa mle. Walioona tamthilia mshaijua, haya.

Kusoma maoni ya watu bila kudanganywa

Goodreads na StoryGraph vyote vina orodha za Rijensi ndefu kama mkeka. Mi siangalii nyota tano wala nyota moja, wa tano anampenda mwandishi tangu zamani na wa moja kitabu kilichelewa kufika. Soma nyota tatu. Mtu wa nyota tatu ndo anakwambia katikati imelegea, bwana anakasirika hovyo, binti anaitwa mwerevu lakini hafanyi kitu cha kiakili. Mara nyingine analalamikia kile kile unachokitafuta. Mmoja aliandika kuhusu kitabu fulani kwamba wanaongea tu kurasa zote hamna kinachotokea, nikakinunua palepale na sikujuta hata kidogo.

Vitu vichache vitakavyokukwamua ukianza kusoma

Vyeo kutoka juu kushuka ni duki, makwisi, eli, vaikaunti, baroni. Maduki kwa kweli walikuwa wachache, nchi nzima hawakufika arobaini na wengi wazee, kwenye vitabu wapo mamia na wote wana miaka 29 na meno kamili, mezea. Mtoto wa kwanza wa kiume anachukua kila kitu, wa pili jeshi, wa tatu kanisa, kwa hiyo ukikutana na kapteni mzuri jua kwanza hana hela. Ukiona "the ton" ndo hao wakubwa wa mjini, neno la Kifaransa. Almack's ni kumbi za dansi za Jumatano London, zinaendeshwa na kamati ya wamama wenye vyeo, bila kibali chao huingii hata uwe nani, na chakula kilikuwa kibovu kinajulikana, mkate mwembamba na maji ya limau. Fikiria kamati ya harusi yenye uwezo wa kukunyima mume.

Kurasa 50 hazijakuvuta, acha. Mi nilikuwa najilazimisha kumaliza kwa sababu nimelipa, nikagundua namalizia vibaya nabaki sina muda wa vizuri.

Halafu kwenye simu andika kwa kila kitabu mstari mmoja tu: nani alinifanya nicheke, nani alinichosha, mlango ulikuwaje. Ukifika cha tano au sita soma hiyo orodha yako yote mara moja. Mi nilidhani napenda maduki wenye hasira, orodha ikaniumbua, kila nilichokirudia kusoma kina mwanamke aliyevuka miaka 25 ambaye watu washamkatia tamaa na mwanaume anayejua kunyamaza. Ndo nikarudi kwa Austen, Persuasion, Anne ana miaka 27 na Kapteni Wentworth anamwandikia barua huku Anne yupo chumba hicho hicho anaongea na mtu mwingine. Nilikuwa nimeiacha ukurasa wa 40 miaka mingi nyuma nikisema imepoa.